Chupa ya Tarehe 27 Aprili

Kwa miaka sita nilikuwa mlezi wa klabu ya wanafunzi wanaochangia damu, katika sekondari moja hapa Mbeya ninakofundisha biolojia. Gari la Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, likiingia getini, mimi ndiye niliyesimama mbele ya mstari na daftari, nikiita majina ya kidato cha tano na cha sita, wale waliotimiza miaka 18 na kufikisha kilo 50. Nilikuwa na hotuba yangu ya kudumu: "Jamani, damu haina kiwanda. Kiwanda ni sisi wenyewe."

Mwaka 2018 kijana mmoja wa kidato cha sita, mchekeshaji wa darasa zima, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kiwanda chako kinafunguliwa lini?"

Walicheka mpaka wenye zamu ya usafi nje wakachungulia dirishani. Nikacheka nao, nikasema nina presha ya kushuka. Uongo mtupu. Sikuwa na presha yoyote. Nilikuwa naogopa ile sindano nene, na kila mwaka nilijiambia mwakani. Watoto wa watu walilala kitandani, wakatoa, wakapewa soda na biskuti, wakarudi kwenye tyuisheni ya jioni. Mimi nikaandika ripoti.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu yote yaliyofuata yananirudisha pale.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona nchini amepatikana Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Nakumbuka wa bweni wakiburuta masanduku kuelekea stendi, wengine wanakwenda Kyela, wengine Makete, wengine Chunya, wanafurahi kama watu waliopewa likizo ya bure. Gari la Damu Salama lilikuwa limepangiwa kuja kwetu mwishoni mwa mwezi ule. Halikuja, na sikuliwaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza silabasi.

Miezi ile jiji lilinuka mkaratusi. Kila nyumba nyungu, kila duka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, limao likapanda bei hadi watu wakawa wanauziana nusu. Tulivaa barakoa za kitenge zilizoshonwa na mafundi wa Mwanjelwa, na hospitali tukaiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu alikuwa anaumwa jino wiki nzima, ukimwambia aende akang'oe anakujibu, "Niende nikalete corona nyumbani?"

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Mei, mdogo wangu wa mwisho, anayeishi Uyole na mumewe, alijifungua mtoto wa kike. Saa moja asubuhi shemeji akanipigia. Hakusalimia.

"Shemeji, njoo. Wanasema damu haikati."

Mimi nimefundisha mfumo wa uzazi zaidi ya mara kumi, nachora ubaoni kwa chaki za rangi. Kondo la nyuma likishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ubane, na kule kubana ndiko kunakofunga mishipa iliyobaki wazi. Usipobana, mama anavuja. Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika, na mtu mzima ana lita tano tu, kwa kukadiria. Nilikuwa nawapa wanafunzi hesabu hiyo kama swali la kuchangamsha darasa. Asubuhi ile niliipiga nikiwa kwenye bajaji, kwenye baridi la Mei, na sikuweza kuimaliza.

Hospitali nisiyoitaja jina, nesi alitupokea kwa maneno mafupi. Mgonjwa wenu kundi O. Benki ya damu ina chupa mbili tu za O. Leteni watu watatu wachangie, ndiyo mambo yaende.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo watu wengi tunapopotea. Tukaanza kupiga simu. Mimi ni kundi A, shemeji ni B, kaka yetu hajui. Baba mdogo akasema yeye alipimwa akaambiwa AB, kwa hiyo "haitamfaa binti". Wifi naye kundi haliendani. Ndani ya dakika ishirini ukoo mzima ulikuwa umejitoa kwa kutumia sayansi niliyoifundisha mwenyewe! Ni kweli, mtu wa O anapokea O peke yake. Lakini alitoka mtu wa maabara, barakoa imemfika machoni, akatusikiliza tukibishana, akasema:

"Nani kawaambia mnamtolea yeye? Mnairudishia benki. Kundi lolote linaingia. Aliyeko ndani atapewa iliyopo."

Kile kisingizio cha makundi kikafa palepale, vikabaki vile vya kweli. Nilipiga simu 23, nazikumbuka kwa sababu baadaye nilirudi kwenye simu kuzihesabu. Mmoja aliogopa kuambukizwa hospitalini. Mmoja, mtu msomi kabisa, alisema ukitoa damu kinga inashuka na kipindi hiki kinga ndiyo mtaji. Mmoja alisema akipimwa wakimkuta na corona watamfungia karantini na duka lake litaozea ndani. Mwingine alisema neno moja tu, "UKIMWI", kwa sauti ya chini, nikaelewa kwamba haogopi kutoa, anaogopa majibu. Wengine walisema watakuja. Walikuja wanne.

Wakati tunahangaika, kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta nje ya geti akanisogelea. "Mama, mnatafuta mtu? Mimi nipo. Mniangalie kidogo tu." Kidogo yenyewe ilikuwa elfu arobaini. Shemeji, mke wake akiwa ndani anavuja, hakuwa na kichwa cha kubishana. Akatanguliza elfu ishirini. Kijana akaingia maabara, wakamchoma kidole, damu yake haikufikia kiwango. Ukiangalia mikono yake ulijua alishapita mlango ule si zamani. Akatoka, akageukia upande wa stendi, na elfu ishirini yetu ikaenda naye. Hela haikuniuma sana. Kilichoniuma nilikielewa baadaye: mtu anayetoa ili alipwe hawezi kujibu ukweli yale maswali ya kwenye fomu. Akiulizwa kama aliumwa manjano, atasema hapana. Akiulizwa mara ya mwisho kutoa, atasema hajawahi. Damu ya kuuza inaanza na uongo, na aliye kitandani ndiye anayeulipia.

Waliotuokoa ni watu wa bajaji. Dereva aliyenileta alikuwa bado yupo nje, hajalipwa, ametuona tunavyohaha. Akauliza kuna nini, nikamweleza kwa sentensi mbili. Akapiga simu kijiweni kwao Uyole, na kabla ya saa tano bajaji tatu ziliingia na vijana saba. Sikumjua hata mmoja. Wanne walifaa. Mmoja alikuwa na kilo 47, mmoja alikuwa kwenye dozi ya malaria aliyotoka nayo Kyela, na wa saba alikuwa ametoka kwenye pombe alfajiri ile akasema ukweli wake mbele ya wenzake, wakamzomea, mtu wa maabara akampongeza. Mwenyekiti wao wa kijiwe alikuwa amefunga. Ramadhani ilikuwa imebakiza kumi la mwisho. Alisimamia wenzake mchana, akarudi usiku baada ya kufuturu, akamkuta wa zamu, akatoa yake.

Lakini chupa ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa imetundikwa saa tatu na nusu asubuhi.

Hilo lilinichukua muda kuliona. Mchangiaji wetu wa kwanza alilala kitandani saa tano kasoro. Damu yake ilipaswa kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na majibu ya zile chupa zetu yalitoka kesho yake mchana. Kama mdogo wangu angesubiri damu ya ndugu, tungekuwa tunapanga mambo mengine. Aliyemwokoa alikuwa ameshatoa zamani, akaenda zake.

Mchana waliniruhusu kuingia dakika tano. Alikuwa amepauka kama ukuta uliopakwa chokaa, lakini anaongea. Chupa ya pili ilikuwa inaisha. (Tunaita chupa, ingawa ni mfuko wa plastiki, chupa zenyewe hata sikuwahi kuziona maishani.) Kwa mazoea ya ualimu nikasoma lebo. Kundi O. Tarehe ya kutolewa: 27 Aprili 2020. Mwisho wa matumizi: 1 Juni 2020.

Siku 35. Ndiyo maisha ya chupa ya damu ya namna ile kwenye friji, ikizidi, inatupwa.

Mama yetu alikuwa ameingia nami, amefika na basi la kwanza kutoka Tukuyu. Mama ni mtu wa zamani. Amekulia kwenye habari za mumiani, magari yanayopita usiku kukamata watu na kuwanyonya damu, na sisi wanawe tumekulia kwenye habari za wachuna ngozi, kwa hiyo ukitaja damu na gari kwenye sentensi moja lazima kuna mtu kijijini atafunga mlango. Aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu, akamuuliza nesi:

"Mwanangu, hii ni ya mtu wa wapi? Mnyakyusa?"

"Mama, hapa kabila haliandikwi."

Mama akatikisa kichwa. Kisha akaugeukia mfuko, si nesi, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Asante sana. Nesi, ambaye bila shaka alikuwa wa hukohuko, akageuka dirishani.

Usiku ule sikulala. Nilichukua kalenda ya ukutani nikaanza kuhesabu. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi. Ongeza siku 35, unafika tarehe 21 Aprili. Maana yake, baada ya hapo hapakuwa na chupa ya namna ile kwenye friji iliyotoka kwa mwanafunzi aliyechangia akiwa shuleni. Na kila anayefahamu kazi hii anajua kwamba sehemu kubwa ya damu yetu hutoka kwa watoto wa sekondari. Ndiyo maana kila likizo ya Juni na ya Desemba wagonjwa wanaambiwa "leteni ndugu". Corona ilikuja kuirefusha likizo. Sisi watu wazima, wenye kilo zetu themanini, tulikuwa tumewatwisha kazi hiyo watoto wenye sare, na walipokwenda makwao hatukubaki na kitu.

Sasa basi, nani alikwenda tarehe 27 Aprili? Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya Sikukuu ya Muungano ambayo mwaka ule sherehe zake zilifutwa na fedha zake kuelekezwa kwenye vita ya corona. Ramadhani ilikuwa siku zake za mwanzo. Hofu ilikuwa imefika shingoni. Na mtu fulani, mwanamke au mwanamume, akaamka, akavaa barakoa, akaenda kulala kwenye kitanda kile. Labda alikuwa ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa kama tulivyoambiwa sisi. Labda ni wale wachache ambao kila miezi mitatu ikitimia huenda wenyewe, hawaitwi na mtu. Nimemtafuta mtu huyo kwa namna yangu miaka yote hii. Kila anayeniambia "mimi huwa nachangia", namuuliza: Aprili 2020 ulikuwa wapi?

Wiki iliyofuata nilikwenda kutoa. Nilijikaza, nikafunga macho, wakanichoma kidole. Nikakataliwa. Kiwango cha hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, kinachotakiwa ni gramu 12.5 kwa desilita, mimi nilikuwa na 11.6.

Niliona aibu ya ajabu, kama mwanafunzi aliyefeli somo analolifundisha. Dada aliyenipima alinikalisha akaniuliza nakula nini. Maharage, mboga za majani, ugali, dagaa wa Nyasa mara mojamoja. Chakula hakina shida, akasema. Unakunywa chai saa ngapi? Nikacheka. Nimezaliwa Rungwe, kwenye mashamba ya chai. Sisi chai tunaisukumia chakula. Kumbe chai ikifuatana na chakula inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, hasa yale ya kwenye maharage na mboga. Nikaambiwa niiache chai ipishane na chakula kwa saa nzima au zaidi, na badala yake nile chungwa au limao. Hilo nalo halikuwa geni kwangu. Nilikuwa nalifundisha huku kikombe kikiwa mezani.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu wanawake wengi hukataliwa kwa kiwango hichohicho, na wengi hawarudi tena. Hakuna anayewaambia kwamba kukataliwa ni kwa siku ile tu. Anarudi nyumbani anasema, "Mimi damu yangu mbovu," na huo ndio unakuwa mwisho wake.

Kwa kuwa yangu haikutoka, nikaanza kutafuta ya wengine. Nilikuwa na hazina moja: daftari za klabu za miaka sita, majina na namba za simu za vijana waliokwisha kutoa angalau mara moja. Hawa hawana haja ya kuelezwa mumiani si kweli. Wanajua sindano inauma sekunde ngapi. Wamemaliza shule, wapo vyuoni, wapo sokoni, wapo mashambani, na tangu walipovua sare hakuna aliyewaita tena!

Kosa langu la kwanza lilikuwa lilelile la hotuba. Makanisa hayakufungwa, basi nilimwomba mchungaji tukaweka siku: Jumapili ya tarehe 14 Juni. Tarehe hiyo duniani kote ni siku ya wachangia damu, kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, mtu aliyegundua makundi ya damu. Jumapili mbili kabla, nilisimama mbele ya usharika nikahubiri juu ya kuokoa maisha. Watu waliitikia "Amina" ya nguvu. Nikapitisha karatasi ya kujiandikisha: majina matano. Amina ile ilikuwa ya kila mtu, na kwa hiyo haikuwa ya mtu.

Nikakaa chini na daftari, nikapiga simu moja moja. Sikuwa tena na habari ya kiwanda. Nilimwita kijana kwa jina lake, nikamwambia mdogo wangu amenusurika kwa chupa mbili zilizokuwa benki, na mbili zile hazipo tena, nikamuuliza: "Jumapili saa tano na nusu utaweza?" Saa tano na nusu, siyo "siku hiyo". Nilipanga wanne kila nusu saa, kwa sababu vilikuja vitanda vinne na hatukutaka msongamano. Kumbe kile nilichokifanya kwa ajili ya corona ndicho kilichowavuta. Mtu aliyepewa saa yake anajiona anasubiriwa. Anayeambiwa "karibuni wote" anajua hata asipokuja hakuna atakayemkosa.

Nilipiga simu 60. Walifika 31, wakatoa 19. Kwa gari zima la Damu Salama siyo idadi ya kutisha, shuleni tulikuwa tunazidi hapo kwa asubuhi moja. Lakini wale 19 walikuwa watu wazima, wasio na kengele wala mwalimu wa zamu wa kuwatoa darasani.

Kati yao alikuwa yule mchekeshaji wa 2018. Sasa ana kibanda cha miamala ya simu Mwanjelwa, ameota kitambi. Alipoamka kitandani akaja kwangu na soda yake mkononi.

"Mwalimu, kiwanda kimefunguliwa?"

"Kimekosa malighafi," nikamwambia. "Nimekataliwa."

Nilitegemea acheke. Akasema, "Basi kunywa juisi ya rosela, mama yangu aliinywa," na kuanzia siku ile akawa ananitumia ujumbe kila wiki kuniuliza nimefika ngapi. Sijui kama rosela ina maajabu hayo. Kufuatiliwa kuna maajabu.

Kuna mengine tuliyojaribu. Mtu alitaka tutoe fulana. Tulitoa kumi, zikaleta ugomvi kuliko damu, tukaacha. Mwingine alibandika picha ya mgonjwa mahututi mwenye mipira puani, na kipindi kile cha changamoto za kupumua picha hiyo ilifukuza watu, nikaibandua mwenyewe usiku. Hoja ya kinga nilijifunza kuijibu kwa chupa ya maji ya nusu lita: nawaonyesha, wanachotoa ni mililita 450, haijai hata hii, na maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili, seli nyekundu na madini ya chuma ndivyo vinavyochukua muda, ndiyo maana mwanaume husubiri miezi mitatu na mwanamke minne. Corona ilikuwa ugonjwa wa njia ya hewa; sindano mpya inayofunguliwa mbele yako haiwezi kukupa. Na kwa yule anayetaka kuchangia ili ajue hali yake ya virusi vya UKIMWI, nimejifunza kumwambia wazi bila kumuonea haya: nenda kapime kituo cha afya, ni bure. Maambukizi ya siku chache yanaweza yasionekane kwenye kipimo, na chupa yako haitakwenda kwenye maabara peke yake, itakwenda kwa mtu.

Kwa Waislamu sikuwa na la kuwafundisha. Mwenyekiti wa kijiwe cha bajaji ndiye aliyenifundisha mimi. Aliniambia, "Mwalimu, nyie mnakuja na gari lenu saa nne asubuhi Ramadhani, halafu mnasema Waislamu hawatoi. Njooni baada ya futari, mtu ameshakula, ameshakunywa." Mwaka uliofuata msikiti mmoja wa jirani ulifanya hivyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba biskuti.

Na wale vijana wanne wa bajaji? Nilisoma mahali kwamba huko Sweden mchangiaji hutumiwa ujumbe kwenye simu siku damu yake inapotumika. Sisi hatukuwa na mtambo huo, lakini nilikuwa na salio. Siku mdogo wangu aliporuhusiwa niliwaandikia wote saba, hata wale watatu waliokataliwa: "Mgonjwa wetu ametoka leo. Mtoto ananyonya. Mlichoweka benki kimeziba pengo la chupa alizopewa." Wa kilo 47 alijibu kwa kuuliza kama akila sana kwa miezi mitatu atafika. Mwezi Agosti wawili kati ya wale wanne walikwenda wenyewe, bila simu yangu. Niliwajua kwa sababu mmoja alinitumia picha ya plasta mkononi.

Shule zilifunguliwa, kidato cha sita tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29. Tarehe 1 Juni, siku ileile ambayo chupa ya mdogo wangu ingetupwa kama isingemkuta mtu. Nilisimama tena mbele ya mstari na daftari, na mwaka ule mwezi Septemba, nikiwa na 12.9, nikalala kitandani mbele ya wanafunzi wangu. Sindano ni nene kweli. Inauma kwa muda mfupi kuliko kungojea majibu ya mtihani. Walipiga makofi, jambo ambalo kwao sikuwahi kulifanya.

Huwa nakwenda kila Aprili, tarehe 27 au siku ya kazi iliyo karibu nayo. Safari moja nilimkuta dada mpya mapokezi, mwenye haraka, anajaza fomu bila kuinua uso. Jina, umri, uzito. Kisha akauliza:

"Mgonjwa wako yuko wodi gani?"

"Hajalazwa bado."

Akainua uso. Akaniangalia, akaangalia fomu, akapiga mstari kwenye ile nafasi, na kunisogezea kimpira cha kuminya.